Picha ya Iteka Ilipogoma Kufunguka

Yule mwanaume alipofunga mlango wa ofisi kwa ndani, tulibaki wawili tu humo ndani.

Naitwa Ildefonsa, mzaliwa wa Mbuba, Ngara. Mwaka 2007 nilikuwa nafanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa kuwaunganisha watoto na ndugu zao. Warundi walikuwa wanarudishwa kwao kwa malori.

Siku hiyo akaja jamaa mmoja, Habonimana. Kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni.

Anamtaka Iteka, binti wa miaka sita ambaye mama yake alifia kambini.

"Mimi ni baba yake," akasema. Basi.

Tulishaonywa kwamba kuna watu wanadai watoto wasio wao. Wakishavuka mpaka, mtoto haonekani tena.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu, picha ya familia aliyokuja nayo marehemu. Ya karatasi iliharibiwa na mvua, ila tulishaiingiza kwenye kompyuta yetu inayotumia mfumo wa Linux.

Nikabofya ikoni ya programu ya picha.

Kimya.

Nikabofya tena. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikapotea. Nikapitia kwenye menyu, yale yale.

Ndipo akafunga mlango.

"Dada, fungua hiyo picha."

Nikampigia Gozbert, fundi wetu aliyekuwa Ngara mjini.

"Umeme ulikatika?" akauliza.

"Jenereta ilizima asubuhi."

"Acha kubofya. Fungua terminali, lile dirisha jeusi, uandike humo jina la programu. Ikoni ikigoma haikwambii kitu. Humo itasema inaumwa nini."

Nikaandika. Jibu likaja kwamba programu tayari imefunguliwa.

"Mbona siioni?"

"Ilizimika ghafla ikaacha faili ya kufuli, sasa inadhani bado inafanya kazi. Nitakutajia jina lake. Futa hiyo tu, nyingine usiguse."

Nyuma yangu nilisikia pumzi. Jamaa kasogea. Huko nje lori likapiga honi.

Nikafuta. Nikabofya.

Picha ikajaa kwenye skrini. Mama kakaa, kapakata kichanga. Nyuma yake kijana kamwekea mkono begani, hana kovu lolote. Macho ni yale yale ya huyu jamaa.

Nikageuka taratibu.

Habonimana alikuwa kajiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika.

"Unisamehe kwa mlango," akasema. "Tulipotezana njiani tukikimbia. Nilijua nikiuona uso wa mke wangu nitalia, na mtoto yuko hapo nje, sikutaka anione."

Nikasimama, nikamwachia kiti.

Waliondoka na lori lile lile. Iteka hakumpa baba yake mkono, alishika pindo la koti lake tu, akapanda.

Ndugu zangu, programu ikigoma msiibofye kwa hasira, iulizeni inaumwa nini. Na mtu akikutisha, kabla hujamwita mwizi wa watoto moyoni mwako, muulize naye.