Jumapili Nimealikwa Kwenye Maombi Yangu Mwenyewe

Admin, nifiche jina. Wanaonijua hapa Busia ni wengi, na kuna mmoja ambaye sitaki asome haya kabla sijaamua.

Nina miaka sitini na moja. Ni polisi mstaafu. Mke wangu anafundisha Butula, na kijana wetu wa mwisho amemaliza kidato cha nne. Tulihamia Busia mwaka jana. Kijana anashinda kwenye duka la gemu karibu na steji. Mwezi uliopita nilikwenda kumtoa huko, nikiwa na hasira, nikamkuta anaendesha gari kwenye skrini, ndani ya mji mzima ambamo unapita barabara yoyote unayotaka.

"Mzee, kaa kwanza," mwenye duka akaniambia, akinisogezea kreti ya soda. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu. "Huyu unamwona hapa ni karao, polisi. Ameingia kwa hawa watu wa mbio za magari. Anakula na wao, anashindana na wao, na hawamjui."

"Na mwisho?"

"Anawashika wote. Sasa shida ni kwamba mkubwa wao ndiye amekuwa rafiki yake. Hapo kuna watu huzima gemu."

Nilikaa. Hasira ilikuwa imekwisha.

Miaka ya tisini yule karao nilikuwa mimi. Nilitumwa Malaba bila sare, kwa jina la Wandera. (Hilo pia nimelibadilisha, pamoja na mengine yote.) Kazi ilikuwa kuingia katika kundi la waendesha baiskeli waliovusha sukari ya magendo kutoka Uganda kwa njia za panya. Kundi lile halikumchukua mtu kwa kujuana. Ulishindana nao mchana kweupe, kutoka Adungosi hadi Malaba, gunia likiwa kwenye keria. Ukiachwa, rudi kwenu.

Kiongozi wao nitamwita Barasa. Siku hiyo alinipita akicheka. "Boss, unakanyaga kama mama kwa cherehani!"

Nilimaliza wa pili, nyuma yake. Tangu hapo niliitwa Cherehani. Mama yake Barasa alinipikia ugali wa wimbi kwa samaki. Barasa alinipa kitanda chake, yeye akalala chini.

Wale wanaume walikuwa na sheria moja. Mwenzako akipiga kengele mfululizo nyuma yako, ameanguka. Unageuka, huulizi kitu. Sheria hiyo niliijua vizuri. Wakubwa wangu waliponiuliza nitatumia ishara gani kuwaita askari waliojificha, mimi ndiye niliyesema: kengele. Nilitaka ishara isiyoshukiwa. Sikufikiria zaidi ya hapo, au nilifikiria nikanyamaza. Mpaka leo sina hakika.

Asubuhi ya mtego Barasa alikuwa mbele. Tulikuwa tumevuka mto, na yeye alikuwa ameshayapita matete walimojificha askari. Barabara ilikuwa wazi mbele yake. Nilipiga kengele.

Akageuka. Alirudi akikanyaga kwa nguvu zake zote, akiita, "Cherehani! Umeumia wapi?"

Walimkamata mkono wake ukiwa begani kwangu. Mimi nilikimbilia mtoni kama nilivyopanga na wakubwa. Askari wakatupa baiskeli na koti langu majini, wakamwambia Barasa mwenzake amezama. Alifungwa. Mimi nilipandishwa cheo na kupelekwa mbali.

Sasa, pale dukani, nilimuuliza yule mwenye duka anaitwa nani.

"Wandera."

"Wa nani?"

"Wa Barasa, kule Malaba. Eh mzee, wewe ni mtu wa zamani. Hukumjua wajina wangu? Alikuwa mtu wa baiskeli, akazama mtoni akitoroka polisi. Baba husema alikuwa anakanyaga kama cherehani."

"Sikumjua," nikasema.

Watu wa huku wanaelewa uzito wa hilo. Mluhya hampi mtoto jina hivi hivi. Humpa la marehemu, ili asipotee. Barasa alipotoka jela akapata mtoto wa kiume, aliliacha jina la baba yake mzazi, akampa la rafiki aliyezama. Jina hilo nilipewa na ofisi. Halikuwa na mtu, wala halitakuwa na kaburi.

Kijana huyo wa Barasa anataka kuoa. Barasa amekataa kwenda kwa wakwe kabla ya kumwombea mwenye jina, kwa kuwa hakuna aliyemzika. Wameutafuta ukoo wake mpaka Nangina, hawakuupata. Maombi ni Jumapili hii, pale kivukoni, na kijana amenialika. "Kuja tu, mzee. Tukose hata mtu mmoja wa rika yake? Baba atafurahi."

Barasa hajaniona tangu siku ile. Nimenenepa, navaa miwani, lakini mtu uliyempa kitanda chako utamsahau?

Nilimweleza mke wangu yote. Akasema, "Usiende. Huyo mzee amebaki na rafiki mmoja, nawe unataka kumnyang'anya." Pengine yuko sahihi. Nikisema, namvua kijana jina lake wiki chache kabla ya harusi. Nikinyamaza, watu wazima watapiga magoti kwenye matope wakimlilia mtu aliyewauza, nami nitakuwa nyumbani nakunywa chai.

Kuna jambo la mwisho. Kijana aliniomba nimtafutie kengele ya baiskeli ya zamani. Baba yake anataka ipigwe mfululizo pale mtoni, ili marehemu ajue kwamba safari hii ni wao wanaomwita. Nimeipata. Iko mezani hapa ninapoandika.

Ndugu zangu, nimpe kijana kengele nibaki nyumbani? Au nisimame nyuma ya Barasa niipige kwa mkono wangu? Maana najua atageuka. Nielekezeni, na mniambie pia, akishageuka, neno la kwanza liwe lipi.