Protini Zangu Ziliganda Korogwe

Sijui kutulia. Mama huniuliza kama nina siafu miguuni. Mwezi wa saba ule nilizidi, maana baada ya miaka ya kufundisha Baiolojia kwa kujitolea huku Handeni, shule moja binafsi ya Korogwe iliniita. Nifundishe kipindi kimoja mbele ya mkuu wa shule. Akiridhika, ajira ni yangu.

Mada niliyopewa ilikuwa utando wa seli, jinsi protini zinavyosogea ndani ya tabaka lake la mafuta. Vitabuni utando huchorwa umekakamaa kama ukuta, jambo linaloniudhi tangu nikiwa mwanafunzi. Basi nikamimina mafuta ya nazi kwenye sinia, nikatupia juu yake vipande vidogo vya gunzi viwe protini. Nyumbani Chanika, hapa hapa Handeni, mchana, vilielea na kugongana vizuri tu.

Korogwe asubuhi kulikuwa na baridi. Nilipofunua sinia mbele ya darasa, mafuta yalikuwa meupe pe, magunzi yamenasa. Mjinga mimi. Mafuta hayo hayo najipaka nywele tangu utotoni, na kila kipupwe nayachokonoa kwa kijiti. Darasa likacheka. Mkuu akaandika kitu.

"Seli ikipoa sana huwa hivi," nikasema. "Protini hazijafa, zimekosa njia. Twendeni juani."

Sikuomba ruhusa. Nikabeba sinia, wanafunzi wakanifuata uani, tukachutama kulizunguka. Nilitamani kulitikisa, nikajikaza. Pembeni mafuta yakaanza kung'aa. Kipande kimoja kikajinasua, kikamgonga jirani, kikarudi nyuma, kikaenda upande.

"Kinaelekea wapi, madam?" binti mmoja akauliza.

"Hakielekei popote. Na protini ndivyo ilivyo. Inasukumwa huku na huku mpaka ikutane na ile ya kufanya nayo kazi. Utando ukiganda, hazikutani."

Kengele ya chai ikalia. Hakuna aliyeinuka.

Ofisini mkuu alinieleza kwa upole kwamba pale hawatoi darasa nje bila ruhusa, na kwamba watanipigia. Nani asiyejua maana ya "tutakupigia"? Nilishukuru, nikaaga, machozi yakanitoka nilipofika stendi.

Simu haikuja. Bado nina hasira, na si kwa sababu ya mshahara. Sijawahi kufundisha vizuri kama asubuhi ile, na ndicho kipindi kilichoninyima kazi.