Kikopo Chini ya Shiraa

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na ugonjwa wa walimu wa jiografia ni kuamini kwamba mahali hapajulikani mpaka papewe tarakimu. Kwa hiyo mchezo wa kutafuta vikopo, nilioujua kupitia simu likizo moja, uliniteka. Unaficha kikopo mjini, na ndani yake karatasi iliyokunjwa. Unaweka vipimo vya mahali hapo mtandaoni. Mgeni kutoka popote anakuja na simu yake, anakisaka, akikipata anaandika jina lake na kukirudisha. Sharti kuu ni moja: asiyecheza asijue.

Amu kwetu si mji wa mchezo huo. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na simu inachanganyikiwa. Ya kwangu iliwahi kuniambia niko baharini nami nimesimama mlangoni kwa muuza mahamri. Ndipo nikaamua kutumia michoro. Wachoraji wa mtaani kwetu walikuwa wamepaka historia kutani, hapa siwa, ile baragumu ya sherehe za wakubwa, pale mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, na kwenye ukuta wa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, wanawake wa zamani wakitembea ndani ya shiraa, lile hema la nguo ambalo bibi zetu walijisitiri nalo njiani. Mama mkubwa alihesabu miguu iliyochomoza chini ya nguo, akapata tisa, akamwita mchoraji arudi aongeze mmoja. Karibu na mguu huo wa kumi palikuwa na tundu katika mawe. Nikatia kikopo humo. Sikumwomba ruhusa mwenye nyumba, maana sharti ni sharti.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Wageni walipita, wakachutama ukutani wakijifanya wanafunga kamba za viatu, wengine wamevaa ndara. Niliwatazama kutoka mbali na kujiona fundi.

Kisha siku moja baada ya alasiri mama mkubwa akanipigia simu kwa sauti ya msiba. Nilimkuta amekaa mkekani, na mbele yake sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilidhani ni chakula. Akafunua, nikakiona kikopo changu.

"Nimetiliwa fingo," akasema. "Nimeiona nikifagia nde ya mlango."

Fingo ni dawa ya kufichwa. Kuna ya kulinda nyumba, na kuna ya kuivunja, na hukaa mahali pake ikifanya kazi kimyakimya. Kikopo, karatasi iliyokunjwa, tundu la ukuta. Ningepewa mtihani wa kueleza fingo nisingeeleza vizuri zaidi. Nilikaribia kucheka, na kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni aliposema, "Na aloitia namjua."

Alikuwa amekunjua ncha ya karatasi. Hapo akaona herufi za Kiarabu, ambazo wanawake wa umri wake huandikia Kiswahili, na mwandiko akautambua mara moja. Ulikuwa wa jirani yake wa mlango unaoelekeana na wake. Wawili hawa walisoma chuo kimoja cha Kurani wakiwa wadogo, wakaolewa mtaa mmoja, wakazikiana waume. Mama mkubwa hakuendelea kusoma, kwa sababu fingo haisomwi. Alifunga karatasi, akafunga na mlango. Siku tisa jirani alipiga hodi, na siku tisa hakuitikiwa. Aliyekuwa akingojewa ni mwalimu wa chuo, aliyekwenda Matondoni kwa mwanawe. Sasa amerudi, na mimi ndiye wa kumpelekea kikopo akitegue.

Ningesema pale pale. Sikusema. Nasimamia darasa la watoto arubaini kila siku, lakini mbele ya mama mkubwa niliogopa. Nikaitika "haya mama," nikakitia kikopo mkobani, nikatoka.

Kwenye kona nilikifungua. Kulikuwa na majina ya watu nisiowajua, na mmoja alikuwa amechora punda. Chini kabisa ndipo palikuwa na ule mwandiko. Herufi hizo nazisoma kwa kudonoa, kwa hiyo nilichukua muda.

"Naona wageni wa mbali wakiya kuandika majina yao ukutani kwa mwenzangu, nami sitaki kuwatwa nyuma. Mola ampe afya mwenye nyumba hii, amponye magoti yake, na anitangulize mimi kaburini, nisiye nikauona mlango wake umefungwa."

Nilirudi mbio. Nikamsomea, kisha nikamwambia yote, mchezo, vipimo, sharti, na nani aliyetia kikopo tunduni. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

"Basi ni fingo kweli," akasema. "Na aloitia ni wewe."

Aliinuka kwa shida, akavaa buibui ya kuvuka njia ambayo haifiki hatua nne, akapiga hodi. Nilimfuata kwa sababu alinishika mkono na hakuuachia.

Jirani alifungua. Mama mkubwa, ambaye sijapata kumsikia akimwomba mtu radhi, hata mumewe, alisimama kizingitini akaomba. Alieleza jinsi alivyoona mwandiko, alivyodhani, na alivyomsikia akibisha naye amekaa nyuma ya mlango anapumua polepole asisikike. Mimi nilitiwa katikati ya maelezo hayo kwa jina la "huyu msomi wetu."

Jirani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea kando ampishe apite ndani.

"Siku tisa," akasema, "nimekaa nikihisabu makosa yangu kwako tangu tulipokuwa chuoni. Nimepata mangi. Hili la kukuombea dua sikulipata."