Mlinzi wa Ua wa Mnyaa

Mwaka wa hamsini na nane serikali ilimleta kijijini Wambaa bwana mmoja kuuchunguza mnyaa uliozunguka ua wa Bi Mwanapili. Kila asubuhi alivaa glavu, akaupapasa na kuuamkia kwa sauti ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Akiogopa mbuzi wasije wakamlia utafiti wake, akauzungushia miti ya muhogo, ingawa Bi Mwanapili hajapata kuona mbuzi aliyeutia mdomoni mnyaa, na utomvu wake ule unaopofua macho. Masika yakaingia, muhogo ukachipua, mbuzi wa kijiji kizima wakahamia hapo, wakamaliza na mchicha wa Bi Mwanapili. Bwana yule akapanda safu ya mnyaa kuulinda muhogo.

“Na huu wa nje, mwanangu, utalindwa na nini?”

Akavua kofia, akafikiri sana.

“Bi, miti ya muhogo ipo mingine?”