Vipande Vyenye Matundu

Mwaka jana nilimaliza kujenga gari la utafiti la sayari ya Mirihi juu ya meza ya kulia chakula, nyumbani kwa mama, hapa Nakuru. Lilitoshea ndani ya beseni la kufulia. Nililijenga kwa vile vipande vya plastiki vya watoto, vinavyoshikana kwa vinundu, na kila kiungo nilikiiga kutoka kwa gari lenyewe linalotembea huko juu: magurudumu sita, shingo yenye kamera, mkono wa kuchimba mawe. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Kuna watu wazima kote duniani wenye ugonjwa huu. Hawangoji kampuni iwauzie boksi lenye maelekezo. Wanatazama picha za chombo cha angani, wanachora mfano wao wenyewe, kisha wanaonyeshana mtandaoni na kukosoana bila huruma. Mimi huchora ramani za nyumba ndipo nile, kwa hiyo kompyuta na subira nilikuwa navyo. Taabu ilikuwa vipande. Nilivichambua kwenye magunia ya vitu vya kuchezea vya mitumba kwa miaka mitatu, kimoja leo, viwili mwezi ujao. Vyeupe vilikuja vimegeuka manjano kwa uzee. Nikavilowesha kwenye dawa ya saluni ya kung'arisha nywele na kuvianika juani, nimevifunika kwa karatasi ya nailoni vumbi la mji huu lisivile.

Nilichojivunia zaidi ni miguu. Gari lile halina springi. Magurudumu yake yameshikwa na mikono iliyoungwa kwa namna kwamba moja likipanda jiwe, mengine matano yanabaki chini. Kuiga jambo hilo kunahitaji vipande virefu vya kijivu vyenye matundu, ambavyo unapitisha pini katikati ndipo mkono uzunguke. Kwenye mitumba hivyo ni adimu. Nilikuwa navyo vya kutosha tu, bila hata kimoja cha akiba.

Niseme ukweli, mambo haya yote niliyafanya kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Miaka sita kabla ya hapo nilirudi kumwangalia mama kwa wiki mbili. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka. Siku moja alitoka akashika barabara ya Subukia kwa miguu, akitafuta lori la kubeba wachumaji wa kahawa, na tangu siku hiyo geti hufungwa kwa kufuli na ufunguo hukaa mfukoni mwangu. Ukimfungia mtu ndani nawe uko ndani, mmefungwa wote wawili. Chai saa nne, dawa saa saba, chai saa kumi. Nikienda chooni, ananiita. Watu wa kanisa wakija hunishika mkono na kuniambia nitabarikiwa, nami hutabasamu huku nikitamani kuwauliza kama wangependa kubarikiwa badala yangu, japo Jumanne moja tu.

Mama alifanya kazi ya kahawa huko Subukia karibu maisha yake yote. Alikuwa mezani, kwenye kuchambua: nzuri huku, mbovu kule, kutwa nzima, mbele ya karani aliyeandika majina ya wafanyakazi na kuyafuta alivyotaka. Mengine yamemtoka, lakini mikono haijasahau. Nilipogundua kwamba nikimpa sinia la vipande anavitenga kwa rangi, upesi kuliko mimi, nilifurahi hadi nikaona haya. Sinia moja lilinipa nusu saa ya kutoitwa.

Kisha nikaalikwa. Wajenzi wenzangu walikuwa wanaandaa maonyesho Nairobi, Jumamosi na Jumapili, na wakanitengea meza. Dadangu mkubwa, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, aliahidi kuja kukaa na mama. Sikuwa nimelala nje ya nyumba ile tangu nirudi. Wiki nzima nilipiga mluzi nikiosha vyombo, na mama akaniuliza ni nani anaoa.

Alhamisi mchana niliifungua ile miguu isije ikavunjika safarini. Nikaweka vipande vyake kwenye sinia, nikatoka hadi dukani kutafuta boksi gumu. Sinia lile nililiacha mezani, mbele yake, mimi mwenyewe. Sikukawia dakika ishirini.

Harufu ilinipokea getini. Jikoni, mama alikuwa ameinamia jiko la makaa, anakoroga kwa kijiti. Kwenye kahawa, punje yenye tundu ina mdudu ndani, na haitupwi hivi hivi, maana mdudu atatoka aingie nyingine. Inachomwa. Pini na magurudumu alikuwa amevibakisha kwenye sinia, vimepangwa vizuri.

"Hii yote ilikuwa imetobolewa," aliniambia, amejaa furaha. "Nimekutolea mbovu, baba. Nimechoma."

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mpaka majirani wakanyamaza. Nilimwambia ameniharibia maisha, na sikuwa nazungumzia plastiki. Alirudi nyuma hadi ukutani, akaficha mikono chini ya shali.

"Pole, karani," akasema. "Usinifute kazi. Niko na watoto."

Nilimshika bega nikamrudisha kwenye kiti, nikafungua madirisha yote. Baada ya muda alikuwa amesahau kabisa, akataka mkate. Mimi sikusahau, na sidhani nitasahau.

Ijumaa asubuhi dadangu akafika na begi lake. Nilimweleza yote, nikamwonyesha jiko na ule uji mweusi ulioganda kwenye vyuma vyake. Nilitarajia aketi tuhuzunike pamoja. Aliliangalia gari langu lililokaa juu ya meza bila miguu, lakini na shingo yake na kamera zake zote, kisha akaniangalia mimi.

"Si ubebe tu hivyo?" akasema. "Na zile drawing zako uko nazo kwa kompyuta. Enda tu uone watu."

"Na mum?"

"Mum yuko na mimi. Nimeomba ofu, nimepewa, nimekuja."

"Hujui dawa zake."

"Si ziko hapo zimeandikwa?"

"Hajakuzoea, siz. Atakusumbua. Hatakula."

Wakati huo mama alikuwa ameegemea bega lake, anakula mandazi kutoka mkononi mwake, ametulia. Niliyaona hayo. Niliendelea tu kutaja sababu: dawa, magoti, choo, barabara. Kila niliyoitaja ilinipunguzia uzito kifuani. Hasira ya jana ilikuwa imekwisha. Nilichosikia ni nafuu, nafuu tupu, ya mtu aliyetakiwa kusimama mbele za watu na sasa ameambiwa akae. Miaka sita nilikuwa nimehesabu kila kitu ambacho mama amenizuia kufanya. Na sasa mlango ulikuwa wazi, dadangu amesimama hapo na siku zake mbili za ofu, nami nilikuwa namtafutia mama kila kosa ili nisitoke.

Dadangu hakubishana. Aliweka sahani chini, akamfuta mama makombo kidevuni.

"Kwani wewe," akaniuliza, polepole, "unaogopa nini?"

Nikamwambia chai itamwagika, nikaenda jikoni haraka. Hakukuwa na chai motoni.