Jibu Nililolifuta kwa Wino Mwekundu

Mimi ni mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia mjini Butembo ni mtu wa kuhurumiwa. Asubuhi nafundisha shuleni. Saa tisa alasiri finalistes, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wananifuata nyumbani kujiandaa kwa mtihani wa serikali. Wanakaa kwenye mabenchi mawili uani, makoti mwilini kwa sababu ya baridi ya milima yetu, nami naandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Mlango huo umebeba mageuzi ya dunia nzima: utumwa kukomeshwa, watoto kutolewa viwandani, wanawake kupata kura. Mke wangu akitaka chumvi anafungua karne ya kumi na tisa na kuifunga nyuma yake. Ameshachoka kunilalamikia.

Katika masomo yote, hilo la mageuzi na maendeleo ya jamii ndilo ninalolichukia. Kitabu kinasema kwamba hatua kwa hatua maisha ya watu huwa bora. Nasoma sentensi hiyo mbele ya vijana ambao nusu yao waliingia Butembo wakikimbia vita, godoro limefungwa juu ya pikipiki. Wananakili kimya kimya. Afadhali wangenicheka.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu binti mmoja kutoka upande wa Mavivi, kaskazini mwa Beni. Baba yake alikuwa ameuawa katika shamba lao la kakao, na yeye alikuwa amepoteza miaka miwili ya shule akikimbia huku na huku. Sasa alikaa kwa shangazi yake hapa Butembo. Mama yake alibaki Beni mjini, na kila mara njia ilipoonekana kutulia alirudi kwenye shamba lile lile kuvuna.

Siku ya kwanza mama mwenyewe ndiye aliyemleta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono iliyokauka, na hakutaka kukaa.

"Prof," aliniambia, "huyu mutoto njo wa kwanza kwetu kufika sixième, mwaka wa mwisho. Nimemupatia mwaka moja. Kama anapata diplôme, atatafuta kazi mu bureau, atakuwa mbali na kule. Kama anakosa, mi namurudisha ku shamba. Mi peke yangu siweze tena."

"Mama, atapata," nilimjibu. "Mi njo nakuambia."

Niliyasema hayo kwa kifua mbele, kama mtu anayeshika funguo za ofisi zote za nchi. Nikikumbuka nasikia aibu mpaka leo.

Binti alikuwa na akili ya taratibu. Hakurukia maneno. Nilipowapa swali la mazoezi, "Réforme sociale, yaani mageuzi ya jamii, ni nini? Eleza kwa mfano mmoja," wenzake waliniletea watoto wa viwandani Ulaya, neno kwa neno kama nilivyowaandikia mlangoni. Yeye aliniletea kurasa mbili na nusu kuhusu kijiji chao.

Aliandika, kwa Kifaransa safi, kwamba zamani mwanamume akifa, ndugu zake walichukua miti yake ya kakao, na mjane alibaki na sufuria na watoto. Kisha vita vikaleta wajane wengi mno. Mjane mmoja akakataa kutoka shambani. Alikaa chini ya miti yake siku tatu. Siku ya nne wajane wengine wakaja kukaa naye, kisha wote wakaenda kanisani, wakazuia mlango baada ya ibada mpaka wazee wa ukoo na mchungaji wakakubali mbele ya watu wote: kakao ya marehemu ni ya mjane na watoto wake. Wakapanga pia kuvuna kwa pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, ili asiwepo mwanamke wa kwenda porini peke yake. Mwishoni aliandika, "Mjane wa kwanza ni mama yangu."

Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Nilijua kwamba nilikuwa na jibu bora kuliko yote niliyopata tangu nishike chaki. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari kutoka pembe hadi pembe kwenye kila ukurasa, na juu nikaandika *hors sujet*, nje ya swali.

Niseme kwa nini. Sisi walimu wa huku tuna imani yetu, ambayo tumeirithishana katika chumba cha walimu, kwamba wasahihishaji wako mbali na hawapendi mambo yetu. Miaka ya nyuma kijana wangu hodari aliandika kuhusu vifo vya Beni katika dissertation yake, ile insha ya mtihani, akaanguka. Hakuna aliyejua kwa nini alianguka. Huenda ni hesabu zilizomwangusha. Lakini sisi tuliamua kuwa ni Beni, na tangu hapo nikawa na amri moja: katika mtihani, kwetu hakupo.

"Prof, mbona hors sujet?" aliniuliza. "Haiko réforme?"

"Iko réforme. Mais hapana andika mambo ya hapa. Ule anasahihisha hajue Mavivi. Andika ya kitabu."

"Mais ya kitabu sijaionaka. Hii niliiona na macho."

"Unataka diplôme ao unataka kuhadisia batu?"

Aliangalia daftari lake, akalifunga polepole, akaliweka chini ya paja lake kana kwamba lingepeperuka. Nilimwona, na nilijiambia kwamba nilikuwa namwokoa.

Tangu siku hiyo akawa kama wenzake. Nilimkaririsha utangulizi, hoja, hoja ya kupinga na hitimisho, mpango mmoja wa kuvalisha kila swali. Kila alipoteleza na kutaja kijiji nilimkatiza. Kufikia Pasaka alikuwa akiwataja wafumaji wa Ulaya kama majirani zake. Nilimsifu mbele ya wote. Mama yake alituma salamu kwamba ameshanunua kopo la poda. Kwetu, matokeo yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa barabarani, na mama huyo hakutaka siku hiyo imkute mikono mitupu.

Siku ya dissertation nilimsubiri uani. Alifika mchana, kola ya shati imelowa jasho, akakaa kwenye benchi mahali pake pa kila siku.

"Sujet ilikuwa nini?" nilimuuliza.

Akanisomea kutoka kiganjani, alikokuwa amenakili kwa bic: eleza, kwa mifano ya mahali unapoishi, jinsi mageuzi yanavyobadilisha maisha ya watu.

Nilishika mlango wa jikoni, chaki ikanichafua mkono mzima.

"Na uliandika nini?"

"Ya kitabu, Prof. Batoto ya viwanda." Kisha akaongeza, bila hasira yoyote, "Nilikumbuka ya Mama. Niliianza ku brouillon, karatasi ya kujaribia. Kisha nikakumbuka vile ulisema, nikaikata."

Ningeweza kumwomba msamaha hapo hapo. Nilimwambia kwamba dissertation ni sehemu moja tu ya mtihani, ajitahidi katika zilizobaki. Hilo ni kweli, na walimu wenzangu wananirudilia hilo hilo kunifariji hadi sasa. Halinifariji. Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwemo. Barabara yetu ilijaa poda na vuvuzela, nami nilifunga dirisha. Wiki ile ile alipanda lori la kuteremka Beni.

Mwaka jana nilikwenda Beni kwa mazishi ya ndugu, na kabla ya kurudi nikauliza nyumba yao mpaka nikaipata. Kulikuwa na joto. Mama na binti walikuwa wamepiga magoti kila upande wa turubai wakigeuza kakao kwa mikono, ile ile ya shamba la Mavivi. Mama alikuwa amezeeka vibaya. Binti alikuwa na kovu jipya la panga kwenye mkono, refu, na sikuthubutu kuuliza kama alijikata mwenyewe akipasua kakao au vingine. Waliniletea kiti, wakaniletea maji. Wote wawili walifurahi kuniona, na hilo liliniumiza kuliko kama wangenifukuza. Juu ya dirisha nililiona kopo la poda, bado limefungwa na karatasi yake.

Mdogo wake wa kike, wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa kizingitini na daftari. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Yaya, banauliza nani alileta maendeleo mu milieu yetu, huku kwetu. Niandike Mama na bale bajane?"

Dada yake hakuacha kugeuza kakao. "Hapana. Ya Mama ni hors sujet. Andika ya kitabu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile na sentensi yangu moja ya msamaha tayari, na mtoto alikuwa ameanza kufuta.

"Sikia yaya yako," mama akamwambia, akinitabasamia. "Yeye alisomeshwa na Prof."