Presha Niliyoipima Mguuni

Ile Jumanne ya mvua bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kutulia kwenye kiti. Huinuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikatazama mashamba ya chai, nikarudi. Watu wa nyumba hii wameshanizoea. Wewe unayeanza kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi, nivumilie tu nikikusimulia nikiwa nimesimama.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Nairobi kusomea dawa ya usingizi, nikapata kazi katika hospitali moja ndogo upande wa Bomet. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilijiona nimefika. Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya kubana kidoleni, inayoonyesha oksijeni iliyo kwenye damu. Walionitangulia walitazama rangi ya midomo na kucha za mgonjwa. Mimi nilikuwa na namba nyekundu inayowaka. Niliiamini kuliko nilivyomwamini mtu yeyote mle ndani.

Mgonjwa aliitwa Okoth, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa upande wa ziwa aliyekaa kwetu miaka mingi. Alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye matope akitoka sokoni Chepilat, na tangu siku hiyo bega lake la kulia lilikuwa likichomoka hata akivaa shati. Mkewe, Auma, alimsindikiza mpaka mlango wa thieta, chumba cha upasuaji.

"Daktari, utamwangalia?" akaniuliza. Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha.

"Mama, kabla hujamaliza chai yako atakuwa ametoka," nikamjibu, nikicheka.

Daktari wa mifupa alikuwa mgeni, anakuja kwetu mara moja kwa mwezi. Alitaka Okoth akalishwe, si kulazwa chali, ili alifikie bega vizuri. Basi tulipomlaza usingizi tuliinua upande wa kichwa wa meza mpaka akawa kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha kuegemea. Kichwa tulikifunga kwa bendeji kisidondoke. Mkono wake wa kushoto, usioumia, ulikuwa na dripu, kwa hiyo mkanda wa presha niliufunga mguuni, chini ya goti. Nilifurahi kwamba nimepata mahali pa kuufunga. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Kazi ilipoanza, daktari akalalamika. "Anavuja damu sana, sioni kitu. Teremsha presha kidogo."

Nikaongeza dawa ya usingizi, presha ikashuka. Mkanda ulisoma mia moja. Kidoleni oksijeni ilikuwa tisini na tisa. Daktari akasema sasa anaona vizuri. Mimi nikavimba kichwa.

Kulikuwa na nesi mmoja mle ndani, Sista Rael, Mkipsigis wa makamo aliyefanya kazi thieta tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Weri," yaani kijana, "hiyo presha ni ya wapi?"

"Ya mguu, Sista."

"Na kichwa kiko wapi?"

Nilimwelewa, mwanangu. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Ni jambo nililofundishwa darasani: mtu akikalishwa, damu inapanda mlima kufika kwenye ubongo, na inapungua nguvu njiani, kama maji ya bomba yanavyofika kwa shida nyumba zilizo juu ya kilima. Mia moja ya mguuni kwa Okoth huenda ilikuwa nusu yake tu kichwani. Na kile kidole hakikuweza kuniambia chochote kuhusu ubongo. Damu iliyofika kidoleni ilikuwa na oksijeni ya kutosha, lakini je, juu ilikuwa inafika damu kiasi gani? Nilielewa yote hayo. Lakini daktari alikuwa anasikiliza, nami sikutaka kuonekana nafundishwa na nesi.

"Sista, mashine inasoma tisini na tisa," nikamwambia. "Endelea na kazi yako."

Akarudi kwenye meza ya vyuma vya upasuaji. Zikapita dakika kadhaa. Akamtazama Okoth usoni, akamfunua jicho, akaona mboni imepanuka, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Daktari, toa vyuma. Namlaza huyu mtu."

Hakungoja ruhusa. Alifunika kidonda kwa kitambaa safi, akazungusha mpini wa meza, kichwa kikashuka. Mikono yangu ndipo ilipozinduka. Nikapunguza dawa ya usingizi, nikafungua dripu ikimbie, nikadunga dawa ya kupandisha presha. Daktari alimalizia bega Okoth akiwa amelala karibu chali, kwa taabu.

Okoth hakuamka kwa wakati. Niliita jina lake, nikamfinya, nikaita tena. Nje nilimsikia Auma akiuliza mbona wanachelewa. Nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani sijui mara ngapi. Okoth alipofungua macho jioni, alimwita mkewe kwa jina la dada yake mwenyewe, na mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa mzito kama si wake.

Daktari alisema tuseme dawa ilimkataa. Nilitamani sana kusema hivyo. Sista Rael alinitazama tu, akasema, "Yule mama alikuuliza wewe."

Kesho yake nilikaa na Auma kwenye benchi, nikamweleza yote: mguu, kichwa, na kwamba nilionywa nikakataa kusikia. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Atajua watoto wake?" Nikamwambia sijui. Siku ya tatu aliwataja wote kwa majina, kuanzia mkubwa. Mkono ulirudi pole pole, lakini vidole havikupata tena wepesi wa kushika skrubu ndogo, na kiwandani alihamishwa akawa mlinzi wa geti. Alikuwa akinisalimu vizuri kila tukikutana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiharakisha kuondoka.

Kwa hiyo, mwanangu, mashine ikikupa namba, jiulize imepimwa wapi, na kiungo unachokihofia kiko juu kiasi gani kutoka hapo. Mgonjwa akikalishwa, hesabu presha ya kichwani, na usikubali kuiteremsha ili mtu mwingine aone vizuri. Mtu yeyote mle ndani akikuuliza swali, hata anayefagia, simama kwanza ndipo umjibu. Na ukikosea, nenda mwenyewe kwa jamaa wa mgonjwa kabla hujatafuta maneno ya kujifunika.

Mungu akupe masikio mepesi na moyo usioona aibu kusahihishwa. Kila unayemlaza, amwamshe mikononi mwako akiwa mzima, na wewe akujalie usingizi ambao mimi siupati.